Kurasa karibu elfu moja, na winga hana sura yake

Kama umekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya uchumi mwaka huu, kuna kitabu utakutana nacho kabla hujamzoea mwalimu wako. Kinaitwa Microeconomic Theory, kimeandikwa na Andreu Mas-Colell, Michael Whinston na Jerry Green, kilitoka mwaka 1995, na wanafunzi dunia nzima wanakiita MWG kwa herufi za waandishi wake. Kina sura 23 na kurasa karibu elfu moja. Ukikipata cha karatasi kinafaa pia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Wengi wetu tunacho kwenye simu, tunakisoma kwenye mwendokasi tukiwa tumesimama.

Haya ni maoni yangu juu ya kitabu hicho, na juu ya ahadi inayotembea nacho. Maikro, kwa wasioijua, ni tawi la uchumi linalochunguza uamuzi wa mtu mmoja mmoja, wa familia na wa kampuni, na jinsi maamuzi hayo yanavyokutana sokoni. Ahadi ni kwamba ukiisoma kwa kiwango cha juu utafanya maamuzi bora ya biashara. Kwa mtu anayelipiwa ada kwa pesa iliyotoka kwenye fremu ya shangazi yake, hiyo ni ahadi nzito. Shangazi anategemea kitu kirudi.

Tuipimie Kariakoo basi. Wala si mbali: chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianza mwaka 1961 Mtaa wa Lumumba, ukingoni kabisa mwa Kariakoo, ndani ya jengo la TANU, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. CBE mpaka leo ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ukitoka darasani na swali, unafika Msimbazi nalo likiwa bado la moto.

Nianze na lililo zuri, maana kuna watu wanakiponda kitabu hiki bila kukifungua. MWG inakufundisha kutokusema kitu usichoweza kukithibitisha. Ukisema "bei ikipanda watu watanunua kidogo", itakuuliza: kwa sharti gani? Wanapunguza kwa sababu kitu kimekuwa ghali kuliko vingine, au kwa sababu sasa wao wenyewe ni maskini zaidi? Hayo ni mambo mawili, na muuza mchele anayeyachanganya anaweza kushangaa kwa nini bei ya mchele ikipanda kuna familia zinabadili na kula ugali na nyingine zinakula mchele uleule ila zinaacha nyama. Nidhamu ya namna hii haipatikani kwenye semina za ujasiriamali za siku mbili hotelini.

Ila angalia anayekaa kwenye sura nne za mwanzo. Ni mnunuzi ambaye bei zote zimeshawekwa mbele yake. Anazijua, kila mtu anazijua, na kazi yake ni kuchagua tu. Katika kurasa zote hizo hajawahi kuuliza "hii bei gani?" wala kuambiwa "wewe una ngapi?" Mtu huyo Mtaa wa Kongo hayupo. Hata Mlimani City ukitaka kumpata itabidi umsubiri.

Kutojua bei si kasoro ndogo ya soko letu itakayokwisha tukiendelea. George Stigler aliandika mwaka 1961 kwamba kuijua bei ni gharama, na kwa sababu hiyo bidhaa ileile itauzwa bei tofauti mahali palepale, siku ileile. Miaka kumi baadaye, 1971, Peter Diamond akatoa hoja ambayo mpaka leo inasumbua. Hebu tuifanye kwa pasi ya umeme.

Tuseme maduka yote ya mtaa yanauza pasi 20,000. Wewe kutoka duka moja hadi la pili, kwa jua lile na msukumano ule, kunakugharimu kitu chenye thamani ya 1,000. Muuzaji mmoja anajua umeshafika mlangoni kwake. Akikutajia 20,900 utaondoka? Hutaondoka, maana kuondoka kutakula zaidi ya utakachookoa. Jirani yake anawaza hivyohivyo. Basi 20,900 inakuwa ndiyo bei ya mtaa, na kutoka hapo mmoja anathubutu 21,800. Ukiifuata hoja mpaka mwisho, maduka mia yaliyopangana yanatoza bei ambayo angetoza mwenye duka la peke yake kijijini. Gharama ndogo tu ya kutembea, na ushindani wote umeyeyuka.

Kariakoo haiko hivyo, na kila mtu anayekwenda huko anajua. Swali zuri la darasani lingekuwa: kwa nini haiko hivyo? Hal Varian alitoa kipande cha jibu mwaka 1980. Chukulia kwamba wanunuzi ni wa aina mbili. Kuna wajuzi, wenye bei za maduka yote kichwani, na kuna wageni, wanaoingia popote. Muuzaji akishusha kidogo kuliko wenzake anawabeba wajuzi wote. Lakini wote wakishindana kushusha, inafika mahali mmoja anaona bora apandishe, awaachie wengine wajuzi, yeye ale kwa wageni wachache. Hakuna bei moja inayotulia. Bei zinabaki zimetawanyika, leo duka hili liko chini, kesho lile. Mjuzi wa Kariakoo ni yule mama wa Mbagala anayefunga mzigo kila wiki, au mfanyabiashara wa Lubumbashi anayekuja na daftari lake. Anapopita, bei inashuka hata kwako wewe usiyejua kitu, mradi umesimama karibu naye. (Mimi nikinunua vyombo huwa nasubiri aingie mtu mwenye daftari. Ni utafiti.)

Mambo ya Stigler, Diamond na Varian hayana sura yao ndani ya MWG. Kujadiliana bei kupo, lakini kumewekwa kwenye kiambatisho cha sura ya 9, mahali ambapo mwanafunzi mwenye mtihani Jumatatu hafiki. Hilo ndilo lawama langu la kwanza, na ni kubwa: kitabu kimeweka kiambatishoni kitu ambacho mfanyabiashara wa hapa anakifanya mara mia kwa siku.

Sasa tumzungumzie winga, maana ndiye aliyenifanya niandike.

Kama hujawahi kumwona: winga hana duka. Anasimama njiani, anakuuliza unatafuta nini, anakuambia kipo, anakuongoza ghorofani kwenye ngazi ambazo peke yako usingezithubutu. Bosi wa duka anampa pasi kwa 25,000. Wewe unaipata kwa 32,000. Hiyo 7,000 ya kati inaitwa cha juu, na ndiyo mshahara wake. Kama winga wa mpira, yeye anapiga krosi, anayefunga ni bosi.

Wengi mtasema winga anatuibia. Mwanafunzi wa maikro anatakiwa aende taratibu kidogo. Umeokoa nini? Kama ungezunguka maduka sita kwa 1,000 kila moja, na bado ukawa hujui ipi feki, basi 7,000 haijatoka bure. Tatizo la winga liko kwingine. Anakula tofauti ya bei, kwa hiyo atakupeleka penye cha juu kikubwa, hata kama duka la pili yake ni nafuu zaidi. Masilahi yenu yanakutana mlangoni na kuachana kwenye kaunta. Sura ya 14 ya MWG, ile ya mwenye mali na wakala wake, inahusu jambo la namna hii hasa: unamtumia mtu ambaye huwezi kuona juhudi zake, na ana nia zake.

Lakini kuna winga wa pili. Huyu ana namba za wateja wa Mwanza, Lusaka na Moroni. Anawatumia picha WhatsApp, anafunga mzigo, anapandisha kwenye basi au boti. Akimpiga mteja mara moja kwa 7,000, anampoteza mtu ambaye angemletea faida kila mwezi. Kwa nje kazi ni ileile na mtaa uleule, ila vishawishi ni vingine kabisa, kwa sababu mmoja anacheza mara moja na mwenzake anarudia. Mtu akikuambia "mawinga ni matapeli" au "mawinga ni watu safi", muulize anamzungumzia yupi.

Na upande wa bosi? Ronald Coase aliuliza mwaka 1937 kwa nini kampuni zipo, yaani kwa nini mtu aajiri badala ya kununua kila huduma sokoni. Mgeuzie winga swali hilo. Kwa nini bosi asimwajiri kwa mshahara? Kwa sababu winga asipouza bosi halipi kitu; hatari yote imebebwa na kijana aliye juani. Bei ya nafuu hiyo inakuja polepole: mteja anakuwa wa winga. Duka halijui jina lake wala linalompendeza. Siku winga akigombana na bosi, anahama na daftari zima la wateja hadi fremu ya jirani. Ukiwa na duka Kariakoo, uamuzi wa kutegemea mawinga ni uamuzi juu ya nani anamiliki taarifa za wateja wako. Unaweza kumaliza sura zote 23 bila kuulizwa swali hilo, ingawa vipande vyote vya kulijibu umeshapewa.

Mali kauli ni hadithi inayofanana, nitaipitia haraka. Unachukua mzigo bila kulipa, unauza, unarudisha. Hakuna hati wala mwanasheria, kuna neno la mtu tu. Kinachokulinda ni kwamba ukidhulumu, habari itafika Sikukuu na Narung'ombe kabla yako, na hutapewa mzigo tena. Nadharia ya michezo inayorudiwa inaeleza vizuri lini ulinzi huo unatosha: faida ya kesho iwe kubwa kuliko ya kukimbia leo. Na inaeleza lini unavunjika. Mtu anayepanga kufunga duka na kurudi kwao hana kesho ya kupoteza. Wazee wanaokopesha mali kauli wanalijua hili bila alama ya Kigiriki hata moja. Wanauliza una mke, una watoto shule gani, nyumba yako iko wapi.

Nikae kidogo kwa wanaodhani haya ni mambo ya Wazungu tuliyobebeshwa. Joseph Stiglitz alikaa Nairobi kati ya 1969 na 1971, na amesema mwenyewe kwamba kipindi kile cha Kenya kilikuwa muhimu sana katika mawazo yake juu ya uchumi wa taarifa, yaliyompa Nobeli mwaka 2001. Makala ya Harris na Todaro ya 1970, juu ya watu kuendelea kuja mjini hata kazi zikiwa hazipo, nayo ilizaliwa wakiitazama Kenya. Sehemu ya maikro ya kisasa ilianza kwa mtu kutazama masoko yetu na kuona kwamba hesabu za zamani hazikubali. Ajabu ni kwamba inaturudia ikiwa imesafishwa mpaka vumbi la Gikomba halionekani.

Lawama la pili si la kitabu peke yake, ni la namna kinavyofundishwa: sura za mwanzo ndizo zinazobaki kichwani, halafu tunatoka nazo kwenda kuamulia watu mambo. Ulikuwepo Mei 2023? Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku kadhaa, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kukutana nao Mnazi Mmoja tarehe 17. Malalamiko makubwa yalikuwa kodi na kile walichokiita kamatakamata. Juni 2024 wakafunga tena. Mitandaoni wachumi wengi walitoa jibu moja: wasiotoa risiti za EFD wanakwepa, ongezeni adhabu.

Nusu ya kwanza ina ukweli, na sura ya 8 inatosha kuionyesha. Bidhaa ya 100,000 ikiongezwa VAT ya asilimia 18 iliyokuwa ikitozwa wakati ule inakuwa 118,000. Jirani asiyetoa risiti anaiuza 105,000. Mteja anayetoka Malawi na mfuko wake hana shida na karatasi. Kama wote tungetoa risiti, hakuna ambaye angepoteza mteja kwa jirani. Lakini kila mmoja akiwa peke yake anaona heri asitoe. Mwaminifu anafunga fremu kwanza.

Nusu ya pili ndiyo inayohitaji maikro ya juu hasa. Kinachomfanya mtu afuate sheria ni tofauti kati ya anachotarajia kupata akiivunja na anachotarajia akiifuata. Tuseme faini ni milioni 3. Mkosaji ana nafasi ya moja kwa mbili kuadhibiwa, asiye na kosa ana moja kwa tano kwa sababu ukaguzi haukosi makosa. Mkosaji anatarajia kupoteza milioni 1.5, mwenzake laki 6. Tofauti ni laki 9, na ndiyo inayosukuma watu kutoa risiti. Sasa ukaguzi uwe wa papara, nafasi ya asiye na kosa ipande hadi mbili kwa tano. Yeye sasa anatarajia kupoteza milioni 1.2. Faini ni ileile, wakaguzi ni wengi zaidi, na msukumo wa kutii umeshuka hadi laki 3. Mfanyabiashara anayesema "nikitoa risiti nasumbuliwa, nisipotoa nasumbuliwa" ametoa uchambuzi sahihi, na hakuhitaji kipaza sauti cha chuo. Mchumi aliyeishia kwenye mchoro wa mahitaji na ugavi alimsikia akilia tu.

Mfano wa pili uko Ilala, jirani kabisa: Machinga Complex. Jengo lilijengwa kwa mkopo wa NSSF ili wamachinga wawe na mahali rasmi, na kwa miaka mingi vizimba vingi vikakaa vitupu, wenyewe wakisema wateja hawafiki. Mchoro wa darasa la kwanza unasema nafasi nafuu itajaa. Asher Wolinsky alieleza mwaka 1983 kwa nini wauzaji wa kitu kimoja hujibana pamoja: mnunuzi anakwenda penye wengi ili alinganishe, na muuzaji anamfuata mnunuzi. Fremu ya Kariakoo inalipiwa kodi kubwa na kilemba juu yake kwa sababu ya watu wanaopita mbele ya mlango. Ukimhamisha muuzaji bila kuuhamisha mkondo wa wapita njia, umempa sakafu.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo utaisikia kwenye kila kahawa: "Fulani hakumaliza la saba na ana maghorofa matatu, nyie wa digrii mna nini?" Ninaiheshimu, ila ina tundu. Unaowaona ni waliobaki. Aliyefilisika hana fremu, kwa hiyo humwoni. Fremu yake ilipakwa rangi na kupangishwa mtu mwingine wiki ileile. Ukitaka kujua kama uzoefu peke yake unatosha, itabidi uwahesabu na waliorudi mkoani.

Na kuna mahali uzoefu unadanganya. Mwishoni mwa 2024 shilingi iliimarika kwa kasi dhidi ya dola baada ya kudhoofika kwa muda mrefu. Waliokuwa wameagiza mzigo Guangzhou kwa dola ya ghali walikuwa na bidhaa ghali rafuni, na wageni wakaanza kuingiza ileile kwa nafuu. "Siwezi kuuza chini ya mtaji wangu." Sentensi hiyo ina sauti ya busara. Lakini pesa iliyokwenda Guangzhou imekwenda. Swali ni ukiuza leo utaijaza rafu kwa shilingi ngapi, na kila mwezi unaokaa na mzigo unalipa kodi ya fremu kuutazama. Kilemba ulichotoa ni vilevile: kimeshatoka, hakitakiwi kukuambia leo ubaki au uhame, labda kama kuna mtu atakulipa chako ukiondoka. Nikiri tu kwamba "siuzi chini ya mtaji" inaweza kuwa silaha ya mdomoni, ya kumfanya mteja aache kukukaba. Hapo ni mkakati. Ikihama kutoka mdomoni ikaingia kichwani, duka linakuwa stoo.

Kwa hiyo isome MWG, lakini usiifuate ilivyopangwa. Anza na sura ya 7 hadi 9, na kiambatisho cha 9 usikiruke. Nenda 13 na 14 ukae huko muhula mzima ikibidi. Ya 13 ndiyo itakayokueleza kwa nini muuza simu halisi anahangaika kukuthibitishia kwamba si feki kuliko muuza feki. Soma pembeni Stigler, Diamond na Varian. Halafu rudi sura ya 1 hadi 3, utaziona zina maana kuliko ulivyodhani. Sura za 15 hadi 20, zile za masoko yote kusawazika kwa pamoja, ni nzuri kama hesabu, ila shangazi anaweza kusubiri.

Na katikati ya wiki shuka Kariakoo na kijitabu. Chagua kitu kimoja kisicho na utata, pasi ya aina moja, ukubwa mmoja. Uliza maduka kumi peke yako, kisha rudi na winga. Andika saa, mtaa, na bei aliyokutajia mwanzo kabla hujafungua mdomo, siyo bei ya mwisho tu, kwa sababu tofauti ya hizo mbili ndiyo utakayoihitaji ukifika kwenye kile kiambatisho.